Karatasi Mbili za Mkalimani

Mkalimani hakujua kuendesha baiskeli. Nalitaja hilo kabla ya sifa zake zote, kwa sababu ndilo lililoniingiza mimi, fundi cherehani, katika kesi kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona. Mpaka leo nikiikumbuka moyo unanienda mbio, kama asubuhi ile nilipokuwa nakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, naye amekaa nyuma kwenye keria, koti limefungwa vifungo vyote, ananipigia kelele mgongoni: "Fundi, kanyaga! Kanyaga, mtu yuko juu ya bati!"

Tulikaa baraza moja mjini Bukoba kwa miaka mingi, enzi za Mwingereza. Cherehani yangu ilikuwa upande wa kulia wa mlango wa duka, meza yake upande wa kushoto. Watu walimwita Mkalimani kwa sababu huko nyuma alikuwa mkalimani wa mahakama ya boma. Mzungu akisema Kiingereza, yeye anakigeuza kuwa Kihaya. Mkulima akijibu Kihaya, yeye anakigeuza kuwa Kiingereza. Nilipomjua mimi alikuwa amekwisha iacha kazi hiyo. Alikuwa anaandika barua za rufaa, hasa za watu waliokuwa karibu kutolewa katika vibanja vyao.

Kwa asiyetoka kwetu niseme kidogo. Kibanja ni nyumba, na migomba inayoizunguka, na mibuni iliyo chini ya migomba, na makaburi ya wenye nyumba waliotangulia. Siku hizo mtu aliyekopa aliweza kukiweka rehani. Akishindwa kulipa, mkopeshaji anakwenda kwenye baraza la hukumu, baraza linamkabidhi kibanja, na mwenye nyumba anapewa siku ya kutoka. Basi siku zile kabla ya siku hiyo ndizo watu walipokuja kwa Mkalimani, wengine wanakimbia kabisa, wanaingia barazani kwetu na jasho, hata salamu hawamalizi.

Ukalimani ulikuwa umemwingia mwilini. Ukimwambia neno, kwanza analirudia kama lilivyo, ndipo anajibu. Mke wake alinisimulia siku moja, huku anacheka mpaka machozi, kwamba amemgombeza mumewe asubuhi kwa kusahau kununua chumvi, na mume akasimama wima katikati ya chumba, akasema, "Mke wangu anasema nimesahau chumvi, na kwamba hii si mara ya kwanza." Halafu akakaa kimya kama anayemsubiri hakimu. "Fundi," yule mama aliniambia, "mimi hata hasira zangu zinakalimaniwa!"

Hakuwa mtakatifu. Alikuwa na majivuno juu ya mwandiko wake, na aliweza kumnunia mtu siku nzima kwa sababu kaishika karatasi yake kwa vidole vyenye mafuta. Asubuhi za msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, hapakuwa na kazi iliyoweza kumshika. Nimeona mtu anaeleza jinsi alivyofukuzwa na ndugu zake, yuko katikati kabisa ya habari, na kilio kinakaribia, na mara senene wakaanza kuanguka barabarani. Mkalimani akaweka kalamu, akasema, "Umesema ndugu zako walikuja watatu, subiri hapo hapo," akatoka na kofia yake mkononi kuwakamata. Yule mtu alishangaa, kisha naye akatoka kukamata wake.

Koti lake nilimshonea mimi. Alilikataa mara mbili kwa sababu ya mfuko wa ndani. Alitaka mfuko unaoweza kuingia karatasi ndefu ya serikali bila kukunjwa. Nikamwambia mfuko wa namna hiyo utafika kiunoni, atatembea kama amebeba ubao. Akasema, "Fundi anasema nitatembea kama nimebeba ubao. Sawa. Shona." Nikashona. Akawa anatembea kama amebeba ubao.

Lililowashangaza watu wengi ni kwamba kwa kila rufaa aliandika karatasi mbili. Wateja walilalamika. Rufaa ni moja, karatasi mbili za nini? Ya kwanza ilikuwa rufaa yenyewe, inayosema baraza la chini lilikosea wapi. Ya pili aliiita ombi la kusubiri: kwamba mtu asitolewe, nyumba isivunjwe na migomba isikatwe mpaka rufaa isikilizwe. Mteja akisema, "Lakini nikishakata rufaa si wanasubiri wenyewe?" Mkalimani anakunja uso, anasema kwa sauti ya chini, "Hawasubiri." Kwa muda mrefu sikujua kwa nini neno hilo moja lilimbadilisha sura.

Alinieleza mchana mmoja wa mvua, wateja hawapo, tumekaa tunatafuna kahawa kavu. Alipokuwa bado mkalimani wa boma, mzee mmoja alikuja kukata rufaa. Karani akaipokea. Mzee akatoka nje, akamvuta Mkalimani pembeni, akamwuliza kwa Kihaya: "Mwanangu, sasa rufaa yangu imepokelewa. Nikakae nyumbani kwangu?"

"Nikamwambia ndiyo, kakae," Mkalimani alisema. "Hakuna aliyenituma kusema hivyo, Fundi. Sikumwuliza karani wala Mzungu. Niliona ni jambo la akili tu. Mtu amekata rufaa, watamtoaje?"

Wakamtoa. Hukumu ya baraza la chini ilikuwa bado inasimama, na hakuna aliyeomba isimamishwe. Walikuja na karatasi yao halali, wakamtoa mzee, wakakata migomba, wakaubomoa msonge wake, nyumba ya nyasi aliyoijenga mwenyewe. Miezi kadhaa baadaye rufaa ikasikilizwa na mzee akashinda. Mkalimani ndiye aliyemgeuzia maneno ya Mzungu: kibanja ni chako.

"Unajua aliniuliza nini?" Mkalimani alinitazama. "Aliniuliza, kipi?"

"Kipi?"

"Kipi. Neno moja. Na mimi kazi yangu ilikuwa kulipeleka kwa Mzungu. Nikalipeleka. Mzungu akasema, mwambie ni kile kile alichokuwa anakidai. Nikashindwa kumgeuzia. Nilisimama pale mdomo wazi, mimi, mkalimani!"

Mwaka ule ule aliacha kazi, akanunua meza.

Usidhani alimkubali kila aliyekuja. Mwenye duka mmoja, aliyeweka nyumba yake ya mjini rehani, alikuja akiwa amevaa vizuri, akataka karatasi zote mbili haraka. Mkalimani akamwuliza baraza lilikosea wapi. Yule bwana akacheka. Baraza halikukosea, alisema, deni ni kweli na karatasi ni kweli. Anachotaka ni kukaa mle ndani mpaka msimu upite, halafu ataona. Mkalimani akaifunga kalamu yake. "Bwana anasema baraza halikukosea," alisema. "Na mimi nasema hivyo hivyo. Kwa hiyo tumekubaliana, kwaheri." Yule bwana alitukana mpaka wapita njia wakasimama. Mkalimani alikuwa amekwisha mwita mteja mwingine.

Mara nyingine aliandika upande wa mkopeshaji, jambo lililowakasirisha watu wa mtaani. Palikuwa na mdaiwa aliyepewa amri ya kusubiri, na wakati anasubiri akawa anang'oa milango na madirisha ya nyumba ile ile iliyobishaniwa, anauza moja moja. Mkopeshaji akaja analia. Mkalimani akamwandikia ombi kali. Nilimwuliza, leo umehamia upande wa pili? Akanijibu kwamba kusubiri ni kwa wote wawili. Anayekaa ndani akingoja hukumu hana ruhusa ya kukila kile kinachongojewa. Watu wawili wa jirani hawakumsalimia wiki nzima kwa ajili ya hilo.

Sasa nifike kwenye kesi ya Mama Koku, ambayo nimekuwa na hamu ya kuisimulia tangu mstari wa kwanza.

Mama Koku alikuwa mjane kutoka kijiji kilicho karibu na Muleba. Alikuja barazani kwetu Jumatatu, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini, na karatasi ndani ya kitambaa. Mumewe, kabla ya kufa, alikopa kwa mnunuzi wa kahawa ili anunue mabati. Mbele ya mashahidi alisema kwa Kihaya kwamba anaweka rehani kahawa ya kibanja, yaani mavuno yake, mpaka deni liishe. Karani wa yule mnunuzi akaandika kwa Kiswahili: kibanja cha kahawa. Mume hakujua kusoma. Akaweka dole gumba.

Mkalimani aliisoma ile karatasi. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena. "Kahawa ya kibanja!" alisema. "Kibanja cha kahawa! Fundi, umesikia? Maneno ni yale yale, yamegeuzwa tu, na mtu anatolewa nyumbani kwake!" Sijamwona mtu aliyekasirika na kufurahi kwa pamoja namna ile. Maisha yake yote alikuwa amekaa kati ya lugha mbili, na sasa mlangoni kwake imefika kesi nzima iliyokaa papo hapo.

Baraza la gombolola, lile la chini, lilikuwa limempa mnunuzi kibanja. Baraza la Mukama, mfalme wetu, likasema vile vile. Alibaki mkuu wa wilaya pale Bukoba, Mzungu tuliyemwita Bwana Shauri. Na siku ya kumtoa Mama Koku ilikuwa imekwisha pangwa: Alhamisi ya wiki ile ile.

"Watoto wako wangapi?" Mkalimani aliuliza.

"Wanne, waitu," alijibu kwa neno letu la heshima. "Na baba yao yuko pale pale, nyuma ya nyumba. Hata mwaka hajamaliza kaburini. Mnunuzi amesema kahawa itapandwa mpaka mwisho wa kibanja, pasibaki mahali patupu."

Mkalimani hakulirudia neno hilo kama kawaida yake. Alichukua karatasi mbili safi akaanza kuandika.

Jumanne asubuhi alizipeleka boma. Alirudi anatembea upesi, kofia mkononi. Karani alikuwa ameipokea rufaa na kuigonga mhuri. Lakini ombi la kusubiri lilihitaji saini ya Bwana Shauri mwenyewe, na Bwana Shauri hayuko. Amekwenda ziara, amepiga hema Ngenge, harudi mpaka Jumamosi.

"Basi," nikasema, "Jumamosi nyumba itakuwa imekwisha."

"Fundi anasema Jumamosi nyumba itakuwa imekwisha," akasema, huku ananitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Kisha akaitazama baiskeli yangu, iliyoegemea ukutani. "Una kazi gani ya haraka wiki hii?"

Nilikuwa na suruali za harusi. Zilisubiri.

Jumatano alfajiri tulipanda lori la kwenda Muleba, sisi wawili, Mama Koku, na baiskeli yangu imefungwa juu ya magunia. Njiani Mkalimani alimfundisha mjane yule kama mwalimu anayemwandaa mtoto kwa mtihani. "Wakija, usimtukane mtu. Usimsukume mtu. Usiweke dole kwenye karatasi yoyote, hata wakikwambia ni ya kuomba radhi. Kila mtu anayeingia, mwulize jina lake, kwa adabu, mbele ya wengine."

"Jina lake la nini, waitu?"

"Mtu aliyeulizwa jina hubomoa polepole."

Pale Muleba tukaagana naye. Mimi nikashusha baiskeli, nikamwambia Mkalimani twende kwa zamu, wewe nusu ya njia na mimi nusu. Ndipo aliponiambia, bila aibu yoyote, kwamba hajui. Nikamtazama. Mtu mzima, msomi, mwenye koti! Akapanda keria upande upande kama bibi harusi, akashika mkanda wangu, tukaondoka.

Njia ya Ngenge inashuka, na kushuka na mzigo wa aina ile ni kazi ya kumwomba Mungu. Breki zilikuwa zinalia. Mara mbili tulianguka, mara zote mbili yeye aliangukia mgongo ili asiikunje karatasi. Tulifika jua likiwa bado juu kidogo ya vilima. Hema lilikuwa karibu na nyumba ya jumbe, na Bwana Shauri amekaa mbele yake anakunywa chai, soksi zake ndefu zimejaa miiba ya mbigili.

Askari alitaka kutufukuza. Mkalimani akavua kofia, akasema maneno machache ya Kiingereza kwa sauti ile ya mahakamani, na Mzungu akanyanyua uso. Alimkumbuka. Waliongea, kisha Bwana Shauri akageukia Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu.

"Rufaa imepokelewa. Nitaisikiliza mwezi ujao. Mnataka nini tena?"

"Nyumba iwepo mwezi ujao, bwana."

"Mabaraza mawili yamempa mnunuzi haki. Nikisimamisha, naye hapati kitu. Mama akishindwa, nani atamlipa mnunuzi kwa kusubiri?"

Hapo nikadhani tumekwisha. Kumbe Mkalimani alikuwa anangoja swali lile lile. Alisema kahawa iko karibu kuvunwa. Ivunwe, iwekwe kwa mkungu, yule mzee wa kijiji anayeaminiwa na pande zote, isiguswe na mjane wala mnunuzi mpaka hukumu. Mnunuzi akishinda, inamngoja. Mjane akishinda, ana mahali pa kulala wakati wote huo. "Kahawa ikikaa guniani mwezi mmoja haiharibiki, bwana," alisema. "Mgomba ukikatwa leo, hukumu haiusimamishi."

Bwana Shauri alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. Kisha akaomba kalamu.

Aliandika nusu ukurasa. Mkalimani aliupuliza wino mpaka ukakauka, akaisoma karatasi, akaitia kwenye ule mfuko mrefu, nayo ikaingia bila kukunjwa. Nilijisikia kama nimeiandika mimi!

Tulilala kwa mkulima mmoja mkarimu, na kulipopambazuka tukaanza kupanda. Kupanda! Palipokuwa pakali nilisukuma baiskeli naye akatembea kwa ule mwendo wake wa ubao. Palipolegea alipanda keria. Karibu na Muleba tulikutana na mwanamke aliyebeba ndizi, akatuambia pasipo kuulizwa kwamba kwa Mama Koku watu wamekwisha fika, na mmoja yuko juu ya bati. Hapo ndipo Mkalimani alipoanza kupiga kelele, nami nikakanyaga kama mwendawazimu, mnyororo unalia, watu njiani wanaruka pembeni na kutushangilia bila kujua kwa nini.

Tulipoingia kibanjani, vitanda vilikuwa nje. Vyungu viko nje, mikeka iko nje, kuku wanatembea juu ya mikeka. Kijana mwenye nyundo alikuwa juu, amekwisha ng'oa bati moja. Tarishi wa baraza alisimama na karatasi yake. Yule mnunuzi alisimama kando, mikono nyuma. Na Mama Koku alikuwa mlangoni, amenyooka, na nikamsikia anamwuliza mtu aliyebeba kinu chake, kwa adabu kabisa: "Na wewe, waitu, unaitwa nani?" Yule mtu alikiweka kinu chini akakitazama.

"Simama!" Mkalimani aliruka kutoka kwenye keria kabla sijasimama, akajikwaa, akafika mbele ya tarishi kwa magoti. Akaitoa karatasi kifuani. "Amri ya Bwana Shauri!"

Tarishi aliisoma polepole. Akaigeuza. "Haina mhuri," akasema.

"Mhuri uko Bukoba. Bwana Shauri yuko Ngenge. Saini ni yake."

"Mimi nimetumwa na karatasi yenye mhuri. Hii haina." Akamgeukia yule kijana wa juu. "Endelea."

Nyundo ikagonga. Mtoto mmoja wa Mama Koku akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi, nakiri. Lakini Mkalimani alitoa kalamu, akampa tarishi kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Tarishi anasema karatasi haina mhuri," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni haki yake. Basi namwomba aandike hapa nyuma: nimeiona amri hii, nimeikataa, nimeendelea kubomoa. Na jina lake, na saa. Jumamosi Bwana Shauri akirudi, mimi nitamsomea."

Tarishi akaitazama ile kalamu kama nyoka. Akamtazama mnunuzi. Mnunuzi akatazama migomba.

"Shuka," tarishi akamwambia kijana.

Ee, furaha ile! Majirani waliokuwa wamejificha nyuma ya migomba walitokea kama waliitwa. Vitanda vikarudi ndani, vyungu vikarudi, mwenye nyundo akapandishwa tena, safari hii kulirudisha bati lake, na wanawake walikuwa chini wanamwelekeza kila msumari. Mama Koku hakuimba nao. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa peke yake karibu na kaburi. Alipotoka alituletea matoke, akasema "kasinge," asante, mara moja tu.

Mwezi uliofuata rufaa ilisikilizwa boma. Mkalimani hakuruhusiwa kusema, alikuwa mtazamaji kama mimi, na hiyo ilikuwa adhabu kubwa kwake. Mkungu aliitwa, maana alikuwa mmoja wa mashahidi wa ule mkopo. Hakuna baraza lililokuwa limemwita kabla, kwa kuwa waliona karatasi inatosha. Akayasema maneno ya marehemu kwa Kihaya, kama alivyoyasikia. Mkalimani mpya, kijana wa watu, akayageuza haraka kwa Kiswahili: kibanja cha kahawa. Mkalimani wetu alinishika mkono akanifinya mpaka nikaumia. Mdomo ulikuwa unacheza lakini alijizuia.

Aliyesimama ni Mama Koku. "Waitu, naomba aulizwe tena. Mume wangu aliweka matunda, au aliweka mti na shimo lake?"

Bwana Shauri akaamuru maneno yarudiwe. Mkungu akarudia, polepole, neno baada ya neno. Yule kijana akafungua mdomo, akasita, akaona haya. "Kahawa ya kibanja," akasema. "Samahani. Kahawa iliyomo."

Mnunuzi alipewa kahawa iliyokuwa kwa mkungu, na ya msimu uliofuata, mpaka deni likaisha. Nyumba, migomba na kaburi vikabaki kwa Mama Koku na watoto wake. Tulipotoka nje, Mkalimani alimfuata yule kijana. Nilidhani anakwenda kumsema. Alimshika mkono akamwambia, "Umejisahihisha mbele ya watu. Mimi sikuwahi."

Miaka ikapita. Miguu ikamshinda, akaacha kuja mjini, meza yake akaichukua muuza chumvi. Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa nyumbani kwake Ijuganyondo, karibu na mwisho wa utawala wa Mwingereza, nilipopeleka nguo kwa mteja nikapita kumjulia hali. Mikono ilikuwa inatetemeka. Hakuniuliza habari za mji.

"Umekuja vizuri, Fundi. Chukua kalamu. Nina kesi."

Nikadhani ni ya mteja. Ilikuwa yake. Mdogo wake alikuwa amefariki, na baraza la gombolola likampa mjane wa mdogo wake kipande cha chini cha kibanja. Mkalimani akakata rufaa. Na kwa kuwa alikuwa yeye, akaomba na amri ya kusubiri, akapata. Misimu miwili ilikuwa imepita. Shemeji yake alikuwa anapitia kando ya kipande hicho kila siku kwenda kisimani, wala hakuruhusiwa kupanda hata maharage.

"Baraza lilikosea wapi?" nikauliza, kwa kuwa ndivyo nilivyomsikia akiuliza.

"Halikukosea. Nilitaka achoke, arudi kwao. Hachoki. Jana amenipitia hapa na ndoo kichwani, akanisalimia kwa heshima zote." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Andika. Mimi niliyekata rufaa naiondoa. Na amri ya kusubiri naomba iondolewe leo."

Niliandika kwa mwandiko wangu mbaya, naye hakulalamika. Akaweka saini iliyopinda. "Sasa nenda, baraza halijafungwa. Usingoje kahawa. Nenda kabla sijabadili mawazo!"

Nilikwenda karibu kukimbia. Karani akaipokea, akaigonga mhuri, akanipa nakala. Nikaipeleka kwa yule shemeji. Alinitaka niisome mara mbili. Aliwaita watoto, wakachukua majembe, wakashuka kwenye kipande chao jua likiwa bado kali, wakaanza kulima wakitokea pale baraza lilipoweka alama.

Ndipo tukasikia sauti. Mkalimani alikuwa amesimama mlangoni na fimbo, anapiga kelele: "Mpaka si hapo! Mpaka si hapo!"

Wote waliganda. Yule mama aliniangalia, uso umembadilika, akashusha jembe. Mkalimani alikuwa anashuka kuja kwetu, hatua kwa hatua, anatetemeka, anafika penye alama ya baraza, anageuka, anapanda tena upande wa nyumba yake, mpaka akaufikia mlamula, ule mmea wetu wa mipaka, uliojificha kwenye nyasi hatua nyingi ndani ya upande wake. Akaugonga kwa fimbo.

"Walipima vibaya. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza," alisema, huku anahema. "Sogeeni huku."

Wakasogea.